Kilwa siyo Kilwa Road: hela ya matangazo ya kulipia kwa kliki inakwenda wapi?

Mwalimu wa Masoko aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu, na ninaposema wa kitaalamu simaanishi "njoo pembeni tuongee".

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mafao yangu niliyaweka kwenye gesti ya vyumba vinane hapa Kilwa Masoko, hatua chache kutoka ufukwe wa Jimbizi. Wateja wangu ni watumishi wanaokuja kikazi halmashauri, wafanyabiashara wa samaki na pweza, na watalii wachache wanaovuka kwenda Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Chumba ni shilingi 35,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Alinijia kijana mmoja, wakala wa matangazo ya mtandaoni, shati limenyooshwa, kishikwambi mkononi. Akanipa mambo mawili. Kwanza, tangazo litakalotokea juu kabisa mtu akitafuta malazi Kilwa kwenye Google, na sitalipa chochote mpaka mtu abofye. Pili, gesti yangu ataiingiza kwenye "saraka 200 za kimataifa", yaani tovuti za orodha za biashara, kwa shilingi 250,000 kwa mwaka. Nikamuuliza: huyo akibofya, akaangalia picha, akaenda zake, nalipa? Akasema unalipa mzee, lakini huyo tayari ni mteja mtarajiwa. Nimefundisha watahiniwa watarajiwa maisha yangu yote, kwa hiyo nikachukua kalamu.

Hesabu ni hii. Kliki moja wastani wake ni shilingi 350. Kwenye 35,000 ya chumba, nikitoa chai, sabuni, kufua mashuka, umeme, dada wa usafi na kodi, ninabaki na kama 20,000. Gawanya kwa 350, unapata 57. Kwa maneno mengine, katika kila watu 57 wanaobofya, lazima mmoja alale usiku mmoja ndipo nisile faida wala hasara. Je, analala? Ripoti ya wakala haisemi. Ina idadi ya kliki, ina idadi ya mara tangazo lilipoonekana, ina asilimia zenye rangi ya kijani. Mgeni hayumo humo hata mmoja.

Nikataka anipe nywila niingie kwenye akaunti mwenyewe. Alinizungusha sana, leo mtandao mbovu, kesho yuko safarini, mpaka nilipomwambia hela haitoki tena. Nilipoingia nikakuta sehemu inayoonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya tangazo langu. Nawanakilia baadhi kama yalivyo:

loji kilwa road
gesti bei rahisi mbagala kilwa road
matokeo darasa la saba kilwa
kilwa dc nafasi za kazi
historia ya kilwa kidato cha pili
nauli ya basi dar kilwa
kilwa jazz nyimbo za zamani
gesti kilwa masoko

Mnaona wenyewe. Wa maana ni huyo wa mwisho. Barabara ya Kilwa iko Dar es Salaam, na kutoka Mbagala mpaka mlangoni kwangu ni kama kilomita 300. Mtu kakwama Mbagala usiku, anatafuta pa kujilaza, kabofya, kaona bahari, kaondoka: 350. Mwanafunzi kapewa kazi ya nyumbani ya historia, anataka habari za masultani: 350. Mzazi anatafuta matokeo ya mwanawe: 350, na huyo angalau roho yangu imemsamehe.

Bajeti nimeweka 8,000 kwa siku. Kuna siku nimekatwa 15,600. Wakala anasema "mfumo ndivyo ulivyo". Mfumo gani usiojua kwamba nane ni nane?

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, hapa Masoko hakuingia gari kutoka Dar. Kliki zikapanda! Watu walikuwa wanataka kujua kama njia inapitika, na mimi ndiye niliyekuwa nawalipia. Nilimpigia wakala asimamishe tangazo, simu inaita tu.

Kuhusu saraka 200, nilizoweza kuzifungua nilizikagua moja moja. Nyingi ni kurasa ambazo binadamu hafiki: biashara za sehemu zote duniani zimerundikwa pamoja, na pembeni matangazo ya dawa za kupunguza unene. Nyingine ina namba yangu ya simu iliyokufa zamani. Na moja imeiweka gesti yangu Kongo. Kweli kuna mji unaitwa Kilwa huko, kando ya Ziwa Mweru, sikatai. Picha ni yangu, jina ni langu, Jimbizi imetajwa, nchi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sasa mwaka unaisha, wakala anataka nilipie tena vyote viwili. Kuna mtu humu mwenye biashara ndogo huku kusini ambaye matangazo ya namna hii yamemletea mteja aliyemwona kwa macho? Na kama yapo yanayofaa, yanafaa kwa utaratibu gani? Nawasilisha.

Nahodha Jimbizi alijibu:

Mwalimu shikamoo. Mimi si mtaalamu wa hayo ila wageni wa Kisiwani ninawavusha mimi na wenzangu, kwa hiyo nawasikia. Hakuna aliyewahi kuniambia alikuja kwa tangazo. Wanafungua ramani ya kwenye simu, wanaangalia nyota na picha, basi.

Na hapo kwenye ramani una kesi. Alama ya gesti yako haipo ulipo, imechomekwa kule upande wa uwanja wa ndege. Juzi Wazungu wawili, mume na mke, wamezunguka na mabegi jua la saa saba mpaka bodaboda akawaleta gatini kwangu. Nikawaonyesha kwako lakini mama alikuwa amechoka, wakalala pale pa kwanza walipopaona.

Wakala Mahiri alijibu:

Mzee wangu shida yako ni bajeti ndogo, 8,000 kwa soko la sasa ni sawa na hakuna. Panda mpaka 30,000 kwa siku nakuhakikishia namba moja ukurasa wa kwanza. Njoo pembeni tuyajenge.

Mwalimu wa Masoko alijibu:

Ndugu Wakala Mahiri, ukiongeza bajeti karibu mara nne, 57 inabaki 57. Nitakuwa nimewalipia wapita njia wa Mbagala wengi zaidi kwa siku. Kaa hapohapo hadharani utuonyeshe hesabu yako.

Nahodha, marahaba. Hiyo habari ya ramani imenichoma kuliko yote niliyoandika juu.

Mbanguaji wa Mtwara alijibu:

Mwalimu shikamoo, na pole. Mimi nauza korosho, za kukaanga na zilizobanguliwa tu, niko Mtwara mjini, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma na ninawatumia kwa basi. Matangazo ya kliki nalipa mpaka leo, kwa hiyo nikwambie nilichokiona.

Nilianza na neno "korosho Mtwara". Miezi ya mwanzo si mbaya. Ikaingia Oktoba, minada ikafunguliwa, hela ya siku nzima ikawa inakwisha kabla ya saa nne asubuhi na simu haiiti. Kumbe wanaobofya ni wakulima. Mtu yuko Tandahimba au Newala anatafuta chama chao cha ushirika, TANECU, wameuza shilingi ngapi leo, mwingine yuko Masasi anatafuta mnada wa ushirika wao, MAMCU, anakutana na tangazo langu lina bei ya kilo, anabofya mbio. Bei yenyewe ni ya korosho iliyobanguliwa, yeye ana ghafi ghalani! Baba mmoja alinipigia akanifokea, nina bei nzuri namna ile halafu wao wanalipwa vile, nimeingiaje kwenye mnada? Nilimwelewesha mpaka vocha yake ikakatika.

Dawa ni kuyafungia nje maneno. Ndani ya akaunti kuna mahali pa kuandika maneno ambayo yakitajwa tangazo lako lisitokee. Mimi nimefungia mnada, ghafi, stakabadhi, TANECU, MAMCU, bei ya leo, mbegu, dawa ya korosho, salfa. Kila Jumatatu napitia ile orodha uliyotunakilia, nikiona neno la ajabu nalitupa humo. Gharama haikushuka sana, ila sasa wanaobofya wanauliza "kilo mbili mpaka Dodoma unanitumiaje".

Cha pili ambacho nakuomba ukifanye hata kesho: sajili laini mpya, namba yake usimpe mtu yeyote, iweke kwenye tangazo peke yake. Simu yoyote itakayoita kwenye laini ile ni ya tangazo. Hakuna ripoti ya rangi ya kijani itakayokudanganya tena. Mimi ile simu ndogo ya batani ndiyo inayoniambia mwezi huu niongeze au nipunguze.

Saraka sizijui faida yake. Kuna waliowahi kunipigia eti nimeshaingizwa kwenye saraka yao, muda umeisha, nilipie kuhuisha. Mimi sijawahi kujiunga nao. Wakaleta na ankara yenye mhuri. Nikawaambia wanishtaki, mpaka leo kimya.

Fundi Mitandao Lindi alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Hayo ya kufungia maneno Mama Korosho ameyamaliza, mimi naongeza yaliyobaki.

Kisa kikubwa ni kwamba wakala wako ameweka neno "Kilwa" likiwa wazi. Neno likiachwa wazi, mfumo una ruhusa ya kulioanisha na chochote unachoona kinakaribiana nalo. Ukilizungushia alama za kunukuu, unataka utafutaji wenye maana hiyo ndani yake. Ukiliweka kwenye mabano ya mraba, unataka utafutaji wa maana ileile tu. Wewe anza na mabano: [gesti kilwa masoko], [malazi kilwa masoko], [hoteli kilwa masoko], na ya Kiingereza kwa ajili ya watalii. Watakaokuona watapungua sana. Usishtuke.

Ukiyafungia maneno nje, kumbuka mfumo hautafuti visawe kwa niaba yako. Ukifungia "barabara ya kilwa", "kilwa road" bado inapita. Andika zote mbili, na Mbagala, Mtoni, Kurasini, halafu matokeo, ajira, historia, nauli, jazz.

Eneo. Kwa kawaida ukikuta mipangilio haijaguswa, tangazo linaonyeshwa kwa walioko mahali ulipochagua na kwa wanaoonyesha kuvutiwa napo. Wengine watakwambia chagua walioko Kilwa tu. Kwa muuza chipsi ni sawa, kwa gesti hapana, maana mgeni wako anapotafuta yuko bado Dar, au Dodoma, au Ujerumani. Mimi ningechagua Dar, Lindi, Mtwara na Dodoma kwa wanaotafuta kwa Kiswahili, na tangazo la pili la Kiingereza lenye bajeti ndogo kwa miezi ya Juni mpaka Oktoba. Angalia pia kama amekuwashia kuonyeshwa kwenye tovuti washirika na kurasa za picha. Zima. Kule mtu anabofya kwa kidole kuteleza.

Saa pia. Panga litokee saa ambazo kuna mtu wa kupokea simu. Kliki ya saa nane usiku unaikoroma tu.

Hiyo 15,600 siyo wizi ingawa inauma. Mifumo hii inaruhusiwa kutumia mpaka mara mbili ya bajeti ya siku moja ikiona watafutaji ni wengi, ila kwa mwezi haitakiwi kuvuka bajeti ya siku mara 30.4. Yako ni 8,000 mara 30.4, yaani 243,200. Ikizidi hapo, dai urudishiwe.

Mwalimu wa Masoko alijibu:

Marahaba Fundi. 30.4 ni 365 kugawa kwa 12, hapo wamenipata. Nimejumlisha mwezi wenye ile 15,600, jumla ni 241,000 na ushee. Sina la kudai. Lakini wakala alishindwa nini kunieleza hivyo kwa sentensi moja?

Mama Korosho, laini mpya nimesajili leo. Asante sana.

Nina maswali mawili. Nikiandika jina la gesti yangu mwenyewe, juu yangu inatokea tovuti ya kuuza vyumba, imelipia jina langu! Mgeni akipitia kwao nakatwa kamisheni, na huyo mgeni alikuwa ananitafuta mimi kwa jina. Hilo linaruhusiwa? Pili, kuna jirani mwenye gesti ambaye simtaji. Siku wageni wakijaa kwangu, kesho yake kliki zinaruka asubuhi na mapema kutoka hapahapa Masoko. Nina wasiwasi.

Fundi Mitandao Lindi alijibu:

La jina: kulipia neno la jina la mwingine mara nyingi kunaruhusiwa, kinachobanwa ni kulitumia jina lenyewe ndani ya maandishi ya tangazo, tena mpaka mwenye jina alalamike na awe amelisajili kama alama ya biashara. Njia rahisi ni na wewe kulipia jina lako. Hapa ni mnada, ila tofauti na ule wa korosho mwenye dau kubwa si lazima ashinde: mfumo unaangalia pia tangazo linamfaa mtafutaji kiasi gani. Kwa jina lako hakuna wa kukufikia, kwa hiyo kliki zake huwa za bei ya chini. Ni kweli unalipia mgeni anayekufahamu, lakini pima na kamisheni.

La jirani: kubofyana kuna historia ndefu. Mwaka 2006 Google walikubali kulipa hadi dola milioni 90 kumaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa Arkansas na wafanyabiashara waliolalamika kutozwa kliki za ulaghai, na sehemu kubwa ilitolewa kama salio la matangazo. Siku hizi kliki zinazorudiwarudiwa kutoka simu moja huchujwa, na kuna safu ya kliki batili unaweza kuiwasha kwenye ripoti. Iwashe uone. Ila Mwalimu, kabla ya kumshuku jirani, hao wa asubuhi Masoko wanaweza kuwa wageni wako mwenyewe wanakutafuta namba.

Mkutubi alijibu:

Naingilia kwenye saraka tu. Zamani zilikuwa na maana. Jerry Yang na David Filo walianza Yahoo mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mkono, na baadaye biashara zililipa dola 299 kwa mwaka zipitiwe ziingizwe. Saraka ya DMOZ, iliyoanza 1998, ilihaririwa na watu wa kujitolea bila malipo. Kuorodheshwa humo kulikupandisha kwenye utafutaji. Ile ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ Machi 2017. Anayekuuzia saraka 200 leo anauza umaarufu wa vitu vilivyokwisha kuzikwa.

Na hata kulipia kwa kliki hakukubuniwa na Google. Bill Gross alileta wazo hilo na tovuti yake ya utafutaji, GoTo, mwaka 1998 huko California, watu wakamcheka kwamba anauza nafasi za majibu. Google walipoanza matangazo yao Oktoba 2000 walitoza kwa kuonekana, wakahamia kwenye kliki 2002.

Kwenye ramani, Google hawatozi senti kuweka biashara. Anayepiga simu akidai ada ya ramani, kata simu.

Wakala Mahiri alijibu:

Watu wa kusini mna maneno. Bila kuwekeza hampati kitu.

Mbanguaji wa Mtwara alijibu:

Hesabu ya 57 bado unadaiwa, kaka.

Mwalimu wa Masoko alijibu:

Nawapa mrejesho. Saraka silipii tena, na ile ya Kongo nimewaandikia waniondoe. Tangazo nimeliacha kwa 3,000 kwa siku, maneno ya mabano tu, alfajiri mpaka saa tatu usiku. Jana kliki zilikuwa nne, na laini mpya imeita. Alikuwa afisa ugani anatoka Liwale, anauliza kama kuna maegesho. Amelala. Sichukui sampuli ya mtu mmoja kuwa matokeo, lakini nimeweka alama kwenye daftari.

Safu ya kliki batili nimeiwasha, kuna chache. Za asubuhi hazimo. Kwa hiyo Fundi huenda una haki, na jirani namwachia Mungu.

Ramani ndiyo inanikwamisha. Nimeomba kuthibitisha kwamba gesti ni yangu ili nisogeze alama, wanataka nirekodi video moja bila kukata: barabara na mazingira, kibao chenye jina, halafu mimi nikifungua mlango kwa funguo zangu au kitu kingine cha kuonyesha mimi ndiye mwenye mali. Funguo ninazo. Tatizo kibao, kimeliwa na chumvi ya bahari, limebaki neno "vyumba" na nusu ya namba ya simu. Kuna mtu anamfahamu fundi mzuri wa kuandika vibao hapa Masoko au Kivinje?

Nahodha Jimbizi alijibu:

Yupo Mwalimu, ndiye aliyeniandikia jina la mashua. Mkono mzuri ila herufi zake zote zinalala mbele kama ziko kwenye upepo. Nikuletee kesho baada ya maji kupwa?